Alama ya Mdeki

Mkungu, Uluguru
12 Mei 1975

Mjomba Severini,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Macho yanaendeleaje? Huko Bigwa kwa fundi bunduki Mwinjuma wanakulisha, au ni chai tu asubuhi na jioni? Sisi huku wazima, ila mama anakohoa na ukungu ndio unamzidishia.

Mjomba, nimepata aibu. Tangu uteremke mjini kungoja kupasuliwa macho, nalinda mahindi ya shamba la Ujamaa kwa gobore lako, kama ulivyowaambia wazee. Juzi jioni nguruwe walishuka. Wiki ile nilikuwa nimeshawapiga risasi za kuwafukuza, nikajaza tena: baruti, makumbi, risasi, kisha nikashindilia kwa ule ufito wa mdeki. Ulinifundisha nitazame alama uliyoichonga kwenye mdeki. Ikilingana na mdomo wa mtutu, risasi imekaa juu ya baruti. Basi alama haikufika. Ilibaki juu, kama vidole viwili hivi. Nikashindilia tena, wapi! Na nguruwe wale pale wanatafuna. Kaka Agustino akanipigia kelele, "Piga, we! Unangoja wapige magoti?" Nikalilaza gobore chini. Nguruwe wakala wakashiba, wakaondoka bila hata haraka.

Sasa kijiji kizima kinanicheka. Wananiita mlinzi wa fimbo. Mwenyekiti Kasimiri amesema nguruwe wakiingia tena kabla ya kuvuna, gobore atapewa Agustino, maana bunduki si ufagio. Nimeumia sana, mjomba. Niambie ukweli, nilikosea? Risasi bado imo ndani. Sijaigusa, wala sijamruhusu mtu aiguse.

Mpwa wako,
Paskalia


Bigwa, Morogoro
17 Mei 1975

Mpwa wangu Paskalia,

Milele na milele, amina. Marahaba. Mpe pole mama yako, anywe maji ya moto yenye tangawizi na asibishane. Macho yangu yako palepale: mlima nauona, kijiko sikioni. Barua yako amenisomea Chausiku, binti wa fundi, na hii anaandika yeye. Maneno makali niliyotaka kumwambia Kasimiri amekataa kuyaandika.

Unaniuliza kama ulikosea. Nilicheka peke yangu mpaka fundi akaacha kazi kuja kunitazama. Mwanangu, nawajua wanaume wenye ndevu zao ambao wangepiga! Risasi ikikwama njiani ikaacha nafasi kati yake na baruti, mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Rafiki yangu mmoja tulimzika kwa vidole viwili vya namna hiyo. Naye alikuwa anapigiwa kelele vilevile.

Kushindilia kwa hasira nako si dawa. Baruti inapondeka, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Risasi inatakiwa ikae tu juu ya baruti, kila siku mahali pale pale. Ndiyo kazi ya ile alama, sikuichonga iwe pambo. Nguruwe mbele, kelele nyuma, na wewe ukatazama alama! Mimi nilijifunza kutulia hivyo nikiwa na mvi.

Mwagia maji mtutuni mpaka baruti ilowe kabisa, kisha gobore liletwe kwa fundi. Alilete Agustino. Nataka yeye hasa.

Mjomba wako,
Severini


Bigwa
26 Mei 1975

Paskalia mpwa wangu,

Salamu nyingi, na pole tena kwa mama. Agustino alifika juzi na gobore, anatembea kama anapeleka jogoo mnadani. Fundi akaichomoa risasi pole pole. Masizi yalikuwa yameganda ndani ya mtutu pande zote, risasi ikakwama juu yake, na chini yake patupu. Fundi akamwonyesha Agustino ilipokuwa risasi, na ilipokuwa baruti. Kaka yako akakaa chini. Akasema, "Mjomba, mimi ndiye niliyekuwa namwambia apige." Chakula cha mchana hakukigusa, na unamjua anavyopenda kula.

Sikumsema. Anarudi na gobore safi. Kuanzia sasa ukishapiga, uoshe mtutu kwa maji ya moto, uukaushe, ndipo ujaze.

Daktari amesema ni wiki ijayo. Niombeeni.

Mjomba,
Severini


Mkungu
30 Juni 1975

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mama hakohoi tena, anagomba tu. Paulo aliyeteremsha kabichi sokoni ametuambia umefunguliwa jicho na unaona. Mama alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Nami nina yangu. Agustino aliporudi alisimama mbele ya mkutano wa kijiji akasema yote, hata kelele zake. Sikumtuma. Jina la mlinzi wa fimbo likafia hapohapo. Siku hizi maji ya moto ya kuoshea mtutu anachemsha yeye.

Nguruwe walirudi Alhamisi. Nikashindilia, alama ikalingana na mdomo wa mtutu sawasawa. Nikamngoja dume mmoja atoke penye mabua. Alianguka palepale. Mwenyekiti Kasimiri alifika kabla ya moshi kuisha, akaulizia maini! Mahindi tumevuna yote.

Paulo anakuletea paja, tumelikausha. Tafadhali usilitie kwenye sufuria ya watu, nyumba ile ni ya Waislamu. Tafuta chungu chako.

Sasa rudi, mjomba. Gobore lako nimelipaka mafuta. Nitakukabidhi mbele ya ukoo, na mdeki wake.

Mpwa wako,
Paskalia


Bigwa
9 Julai 1975

Mpwa wangu Paskalia,

Marahaba, mwanangu. Hii naiandika kwa mkono wangu, nivumilie herufi zinazopanda mlima. Paja nimelipikia nje kabisa, nyuma ya ukuta. Fundi alikuwa ananichungulia huku ameziba pua, anacheka. Nimekula nikajivuna.

Ni kweli naona. Kijiko nakiona, na unywele uliomo kwenye mchuzi nauona. Jana fundi alinipa bunduki anayoitengeneza, nikalenga papai la jirani, na jicho likatulia vizuri. Naweza kulinda shamba tena, hilo halina ubishi.

Ndiyo maana nalisema leo, wasije wakasema nilikupa kwa sababu ya upofu. Gobore lile nilipewa na mjomba wangu, naye alipewa na mjomba wake. Miaka yote limetufikia kwa njia ya mama zetu, na hakuna mama hata mmoja aliyewahi kulishika. Mimi nimetafuta mtu wa kumwachia tangu macho yalipokuwa mazima, na nimempata. Agustino nilimuuliza alipokuwa hapa. Alikubali kabla sijamaliza.

Nafika Jumapili baada ya misa. Ukoo ukusanyike. Usinikabidhi kitu, niwekee maji ya kunawa tu. Na ukiniona nalitazama sana gobore lako, nikumbushe kwamba mimi ni mgeni.

Mjomba wako,
Severini