Pumzi ya Tone

Jumatatu, 3 Machi
Kikohozi bado. Daktari amenikataza kuingia chumba cha watoto njiti, nisije nikamwambukiza binti yangu. Tumewekwa jengo la pili, kina mama wote wenye mafua. Kila kitanda cha mtoto kina simu ya waifai, tunawasikiliza. Mimi wangu namwita Tone — ni mdogo hivyo! Nikinyamaza nasikia pumzi yake, kama mtu anapuliza chai kwa mbali.
Lakini leo tulipopiga sote, sauti zikakatikakatika. Mama Pacha, wa kitanda cha jirani, akasema simu inatafuna maneno.

Jumanne, 4 Machi
Sasa tunapiga kwa zamu, watatu watatu. Mama Pacha hakufikiwa na zamu. Akajifunika shuka gubigubi, akalia. Nikamwambia nesi: dada, tuitie fundi. Mimi ndiye niliyeomba.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi kaja! Eti simu zinabeba hata kimya chetu, kinajaza njia bure. Atazuia kimya kisipite, sauti zipate nafasi. Mama Pacha akadakia, basi mume wake hatapita kabisa, maana kwenye simu ni bubu. Tulicheka mpaka tukakohoa.

Ijumaa, 7 Machi
Sote kwa pamoja, sauti safi! Mama Pacha anawaimbia wanawe wote wawili, meno yote nje.
Nami nikamwimbia Tone. Nikanyamaza nimsikie.
Hakuna.
Nikakata, nikapiga tena. Hakuna! Nikaita kwa nguvu, nesi akaja kwenye simu. Namsikia vizuri kabisa: yupo, dada, anapumua, tulia. Alipoacha kusema — ukuta.
Fundi akaitwa tena, akajikuna kichwa. Pumzi yake ndogo mno, mtambo unadhani ni kimya. Akauliza, arudishe kama zamani? Nikamtazama Mama Pacha, bado anaimba.
Nikasema acha tu.

Jumamosi, 8 Machi
Kikohozi kimepungua. Labda wiki ijayo wataniruhusu, labda.
Nesi yuko peke yake leo, nimemwita mara mbili, ya tatu naona aibu. Anasema Tone kalala. Sawa. Simu iko sikioni tangu asubuhi, sikio limepata moto. Wenzangu wanacheka na wanao. Fundi alisema akilia nitamsikia, kilio kinapita.
Lia, mama. Lia kidogo tu —