Kicheko cha Mchezo wa Funza

Mama yangu uliyelala kule ziwani,

Nakusalimu kutoka kwa majani chai, huku Kericho, mahali mvua haijui kwenda kwao. Bado natembeza samaki kavu na sabuni kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa chai, na mdomo ndio unauza kuliko kikapu. Unanijua.

Sasa nikuambie aibu yangu. Mwalimu Petro wa shule ya laini alinikuta nikiiga nyapara, watoto wamekufa kwa kicheko. Akasema, "Wewe muuza samaki, tuko na mchezo wa funza, wazazi wajifunze kuosha miguu. Njoo ufundishe hawa." Mimi, niliyetoka shule kabla shule haijanijua!

Mama, hakuna kitu tamu kama hiyo. Unamwambia mtoto anayejificha nyuma ya wenzake, "Toa sauti, wewe si kuku mgonjwa," na siku anaitoa, unaona kama ni wewe umerefuka. Nilikuwa naachia paka samaki zangu nikimbilie huko.

Nyaboke, msichana wa Kisii, alipewa kuwa mama mwenye funza. Akatembea kama askari. "Hapana, angalia mimi," nikamwambia. Nikatembea: kisigino chini, vidole juu, mkono mmoja unapapasa hewani. Akashika mara moja.

Siku ya mchezo, Nyaboke alipotokea vile, watu wakaanguka kwa kicheko. Nyapara alicheka mpaka kofia ikamtoka. Mimi nimesimama kando, nimevimba kwa furaha. Halafu Mama Akinyi, yule jirani yetu wa nyumbani aliyefuata bwana yake huku, akanigeukia. Yeye hakucheka.

"Huyo si mama yako?"

Ilikuwa wewe. Hata ule mkono. Funza za watoto wa boma yote ulizitoa na mwiba, na macho yalipopungua, zako hukuziona tena. Nikiwa mdogo nilikuwa natembea nyuma yako vile vile, nichekeshe wenzangu. Ulijua. Ulisema, "Cheka, baba. Ukimaliza kucheka, nishike mkono."

Na nilikuwa nakushika, Mungu anajua. Lakini watoto wa wenyewe nimewafundisha kicheko peke yake. Mkono nimesahau.

Mwalimu akasema tupeleke mchezo Sotik. Nikakataa. Nyaboke akaja amenuna. "Baba Samaki, kwani nilikosea?"

"Wewe hapana. Ni mimi."

Nikamwita Kiprono, anayecheza kama mtoto wake. "Watu wakianza kucheka, usingoje wamalize. Nenda umshike mkono."

Sotik walicheka, Mama, hata zaidi. Kiprono akatoka, akamshika. Kicheko kikakatika. Akamkalisha kwa kiti, akaweka mguu wa Nyaboke juu ya magoti yake, akaanza kuuosha pole pole, kitu sikumfundisha. Mama mmoja hapo mbele akavuta miguu yake, akaificha chini ya nguo.

Makofi yakalia. Mwalimu akanisukuma mbele, "Inama, watu wanakushukuru!"

Nikainama. Wewe unanijua mimi na makofi, ningeinuka nikatoa kichekesho kimoja. Siku hiyo niliangalia chini, kwa vumbi, nikaona zile nyayo za Nyaboke, visigino tu. Sikuinuka haraka.

Lala salama. Huko uliko, kama kuna mtu anacheka, mwambie mkono wako uko wapi, aushike.

Ni mimi, kitinda mimba wako mwenye kelele.