Nukta ya Swali la Saba

Jumamosi, 2 Februari 1985

Nadhir kaondoka asubuhi na gari ya kampuni. Kambini tena, kule jangwani, mpaka tarehe 13. Azzan kamlilia baba yake mlangoni. Mimi nikajizuia mpaka gari ilipokata kona.

Ile Datsun yake ipo uani, chini ya turubai. Nyekundu, milango miwili, nyuma hapana hata pa kumkalisha mtoto vizuri. Kila nikipita naipa mgongo. Lakini mwenyewe anaipenda — kaitengeneza kwa mikono yake, skrubu kwa skrubu, likizo zake zote za mwaka mzima.

Karatasi ya taamini imeshafika. Bima! Fomu niliipeleka mwenyewe kwa Mzee Khalaf, wakala, pale karibu na soko. Nadhir alitia sahihi kwenye fomu tupu, akaniambia: wewe siku hizi unasoma Kiarabu, ijaze, waambie kweli yote, hata habari za mbio za uwanjani. Nikajaza. Aina ya gari, rangi, mwaka, nani anaiendesha. Habari za uwanjani sikuona pa kuziandika, nikadhani hawaulizi. Mzee Khalaf alikuwa kenda kusali, nikaiacha juu ya meza yake. Mara ya kwanza maishani mwangu kuandika kitu cha ofisini kwa mkono wangu. Nilirudi nyumbani natembea kama niliyevaa viatu vipya.

Siku yenyewe ya kukimbiza magari ni Ijumaa tarehe 15. Uwanja wa ndege wa zamani, njia ya Manah. Wanapanga mapipa na matairi, kila mtu anaingia peke yake na gari yake, anakimbizana na saa. Nadhir anasema hapana cha kuogopa, hamna wa kugongana naye. Mwaka jana nilikwenda kutazama. Gari ya mwenzake Marzouq iliteleza, ikazunguka mara mbili, ikampiga mtu aliyesimama karibu na mapipa. Mguu. Sauti ile mpaka leo ninayo masikioni. Ndiyo maana safari hii klabu ya magari wanataka kila dereva aje na bima yake, hana, haingii.

Nadhir kasema: sasa hata nikimpiga mtu, kuna wa kumtibu. Ati hilo ndilo la kunituliza.


Jumatatu, 4 Februari

Abla leo katusomesha nukta. Abla, mwalimu wetu wa Kiarabu, ni Mmasri, mnene, mcheshi, lakini akishika chaki darasa zima la wanawake hunyamaza, hata watoto mapajani. Kaandika ubaoni maneno mawili kama pacha. *Siyaqa*, kuendesha gari. *Sibaq*, mashindano. Kasema: nukta mbili chini, unaendesha. Nukta moja chini, unashindana. Jirani yangu Shukriya, tunakaa dawati moja, kaninong'oneza kuwa basi mumewe yeye ana nukta moja kila siku akenda dukani. Waliosikia wakacheka. Mimi nikalitazama tena lile la nukta moja.

Swali la saba.

Sikungoja kengele. Nimekuja mbio na Azzan kiunoni, nikaitoa nakala ya fomu kabatini, nikaiweka dirishani penye mwanga. Swali la sita linauliza nani mwengine anaiendesha gari. La saba — siku ile nilitambua neno moja tu katika sentensi nzima, nikalisoma *siyaqa*. Nikadhani bado wanauliza hayo hayo, wananiuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuja. Nikacheka peke yangu mle ofisini. Mie na usukani wapi na wapi! Nikatia alama kwenye *La*.

Nukta ni moja. Na mkia wa mwisho wa neno haupo. Nimeikwaruza ile nukta kwa ukucha, labda ni uchafu wa kaboni tu. Haitoki.

Nimewaambia gari haitaingia mashindanoni. Na chini yake, sahihi ya Nadhir.


Jumanne, 5 Februari

Wali nimeutia chumvi mara mbili.

Shukriya ananishauri ninyamaze. Karatasi ipo, muhuri upo, klabu watatazama muhuri tu, nani atakwenda kusoma swali la saba? Yeye anasema hivyo kwa sababu hakumuona yule mtu kalala kwenye vumbi. Akipigwa mwengine mwaka huu, hapo ndipo watakapolisoma. Watasema Nadhir muongo. Watamchukua yeye. Hawatanichukua mimi niliyetia alama.

Azzan kaota jino la pili. Baba yake hajaliona.


Jumatano, 6 Februari

Nimekwenda.

Mzee Khalaf nilimkuta anakunywa kahawa peke yake. Shikamoo, marahaba, mwana wa nani wewe? Nikamwambia. Kumbe anamjua babu, walikuwa mtaa mmoja Malindi kabla ya kuhamia huku. Kanimiminia kahawa. Nimeimwaga nusu kwenye kisahani, kajifanya hakuona.

Nikamweleza yote, kwa Kiswahili, namshukuru Mungu kwa Kiswahili chake. Kaitoa fomu kwenye droo, kavaa miwani, kalitazama swali la saba. Kisha kacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kasema miaka kumi yumo katika kazi hii, kaona watu wanaosema uongo kwa makusudi, lakini wa kusema uongo kwa nukta ni mimi wa mwanzo. Kaniuliza Abla ananipa ngapi kwenye imla. Nikamwambia saba juu ya kumi. "Hizo tatu zilizobaki ndizo hizi hapa," kasema.

Kisha kaacha kucheka. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

Kasema karatasi niliyonayo ni ya barabarani tu. Gari ikishaingia uwanja ule, karatasi ile haina kazi tena. Akipigwa mtu, kampuni ya bima haimjui Nadhir wala haimjui aliyepigwa. Nikamuuliza, na kama ningetia alama kwenye *Na'am*? Kasema hata droo asingeifungua, angenirudishia fomu na salamu kwa babu. Hapana kampuni inayopenda watu wa kukimbiza magari.

Lakini ipo njia. Anaweza kupeleka teleksi ofisi kubwa Maskati, kuomba gari ikubaliwe kwa siku moja tu, hiyo Ijumaa. Wakikubali, Nadhir mwenyewe aje kutia sahihi kabla ya Alkhamisi adhuhuri, ofisi inapofungwa. Kaniuliza kama mwenye gari anajua.

Nikasema anajua.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Mtu kenda kurekebisha uongo mmoja, karudi nyumbani na wa pili.


Jumamosi, 9 Februari

Jibu bado.

Dereva wa kampuni kapita na salamu kutoka kambini. Nadhir anasema Azzan abusiwe mashavu yote mawili, na mie niianike ile ovaroli yake nyeupe ya uwanjani, isije ikanuka kabati. Nimeianika. Imejaa upepo pale kambani, mikono na miguu, kama ana mtu ndani. Nimeiondoa kabla haijakauka.

Najua raha yake. Siku kumi na moja mashine zinamlilia masikioni jangwani, mchanga katika chakula, kitanda cha chuma. Kisha anakuja, anafunua turubai, uso wake unakuwa wa kijana. Nilimpenda kwa uso ule. Simnyimi raha.

Lakini katika sala ya alasiri nimejikuta naomba Maskati wakatae. Nikastaghafiru. Kisha nikaomba tena.


Jumatatu, 11 Februari

Jibu limekuja.

Wamekubali!

Mzee Khalaf kaniita mlangoni kwake nilipokuwa natoka darasani. Kafurahi kama mtoto, ati hakutegemea. Kaniwekea karatasi mbele, kaniambia soma mwenyewe, wewe ndiye bingwa wa nukta. Nikasoma kwa kidole, neno kwa neno, yeye akinisahihisha.

Watu wengine watakaodhurika: wamo. Mali za watu wengine: zimo. Gari yenyewe: haimo. Nikaendelea. Neno *saiq* sasa nalijua bila ya msaada wa mtu. Dereva.

Dereva hayumo.

Nikamuuliza Mzee Khalaf kama nimesoma sawa. Kasema sawa kabisa, mara hii kumi juu ya kumi. Kasema ndivyo zilivyo zote, na klabu hilo ndilo wanalolitaka, watu wengine wasidhurike bure. Dereva kajipeleka mwenyewe. Kisha kanitazama, kasema, "Binti yangu, mimi kazi yangu ni karatasi. Hilo jengine la nyumbani kwenu." Kanipa nakala. Na yake kaiweka mezani pamoja na karatasi nyengine, fupi, ya kuyakataa masharti, yaani gari isiingie uwanjani. Nadhir achague mojawapo, atie sahihi.

Sasa langu ni hili. Kwa haki mlango wa uwanja ule ulikuwa umefungwa, nami ndiye niliyekwenda kuufungua. Ningekaa kimya na karatasi mbovu, angeingia. Nimesema kweli, vilevile ataingia. Lakini Nadhir kazaliwa Kigoma, kasoma kizungu na Kiswahili, Kiarabu cha kuandikwa hakijui. Karatasi hii bila ya mimi hawezi kuisoma. Nikimwambia wamekataa, wamekataa. Ijumaa tutakwenda Ibra kwa mama yake, tutakula wali wa maqbous, Azzan atamwonesha bibi yake meno mawili.

Neno moja tu. Wamekataa. Nimelisema peke yangu jikoni mara tatu, kulijaribu. Linatoka vizuri.


Jumatano, 13 Februari

Kaja. Mweusi kwa jua, midomo imepasuka. Jino kaliona kabla ya kuvua viatu.

Nilingoja ale kidogo. Nikamweleza habari ya nukta, Abla, swali la saba, kwa Mzee Khalaf, teleksi. Nilikuwa namtazama mikono, si uso. Nilijua atakasirika. Hakukasirika. Kaacha kula, kanawa. Kasema mwaka jana, Marzouq alipompiga yule mtu, yeye ndiye aliyefuata katika foleni. "Ningekuwa mimi, Mama Azzan, na karatasi ile mkononi." Kisha kanishika kichwa, kasema uoga wangu umemwokoa.

Kaniuliza, Maskati wakasemaje?

Azzan alikuwa ananyonya. Nikainama kama ninayemtengeneza. Lile neno nililolifanyia mazoezi lilikuwa pale pale mdomoni. Halikutoka. Limetoka jengine, dogo zaidi, la mwoga.

"Bado," nikasema.


Alkhamisi, 14 Februari, saa tano na nusu

Naandikia garini. Tupo mbele ya ofisi ya Mzee Khalaf, Azzan kalala mapajani, daftari nimeliegemeza juu ya mkoba wa nepi. Mlango wa ofisi wazi, nawaona wote wawili.

Asubuhi Nadhir kasema atapita mwenyewe kuuliza kama jibu limekuja. Nikasema twende sote. Tulipofika chini ya ngome nikamwambia asimame. Kasimama. Nikaitoa karatasi mkobani, nikamwambia ninayo tangu Jumatatu, jana nimekudanganya.

Kaichukua, kaipindua, kanirudishia. Kisha kasema nimsomee.

Nikamsomea. Watu wengine wamo. Mali zao zimo. Akawa anaitikia kwa kichwa, vizuri, vizuri. Gari haimo, kasema hilo si neno. Kisha nikaishusha karatasi. Kaniambia, endelea.

"Dereva hayumo."

Kaniambia soma tena.

"Hayumo, Baba Azzan. Kila mtu yumo, wewe humo."

Kashika usukani kwa mikono yote miwili na gari imezimwa. Gari nyuma yetu inapiga honi, yeye hasikii. Kaniuliza nilitaka nini nilipoificha. Nikamwambia nilitaka uikasirikie kampuni badala yangu, ukae nyumbani, uwe mzima. Nikamwambia mie ndiye niliyetia alama mara ya kwanza, na sasa natia tena, kwenye *La*, na safari hii nimelisoma swali vizuri. Sijui kama alinielewa.

"Ngoja nimsikie Mzee," kasema. Kawasha gari. Kaendesha taratibu, sijapata kumuona akiendesha taratibu vile.

Yumo ndani sasa robo saa. Mzee Khalaf kamwekea karatasi zote mbili mezani. Nadhir kasoma ile fupi, au kajifanya anasoma. Moja kaivuta karibu yake. Kutoka hapa siioni ni ipi, Mzee Khalaf kakaa mbele yangu na kilemba chake.

Mzee Khalaf kampa kalamu. Nadhir kainama. Kainuka. Kalamu haiandiki. Mzee anaitikisa, anaipulizia, anaikwaruza juu ya gazeti. Haiandiki. Anafungua droo, anafunga droo. Nadhir anapapasa mfuko wa dishidasha, kanzu yake, hana.

Kageuka huku. Kaniona naandika.

Anakuja. Uso wake siujui leo, si ule wa turubai wala si ule wa jana. Nitamuuliza ni karatasi ipi kabla sijampa kalamu. Hapana. Nikiuliza atadhani nampa kwa sharti. Nitampa tu. Sijui.

Kafika. Mkono wake uko dirishani, wazi. Hanihimizi, anamtazama mtoto. Maadamu naandika, hajatia sahihi