Nimepelekwa Italia Leo, Si Kesho

Baba Annah,

Ukitoka shifti, chai iko kwenye thamosi. Maharagwe uyale leo, yasichache. Annah nimempeleka kwa Mama Nduta akiwa bado amelala. Akiuliza, ~~mwambie niko sokoni~~ mwambie ukweli.

Memsabu amekuja na gari asubuhi hii, eti ndege ni leo. Nimemuuliza huko shambani kwao Italia kunaitwaje, akacheka: "Yaya, tunaenda likizo kupumzika, maswali ya nini?" Wapumzike wao, mimi nitakuwa nafua na kuogesha watoto. Pasipoti yangu ameitia kwenye mkoba wake.

Jana ulinicheka, ukasema nina bahati. Mimi naogopa. Shule zikifunguliwa kama sijarudi, njoo unitafute. Wapi, sijui.

Mama Annah