Supavaiza wa Chumba cha Pasi

3 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, na nina habari. Pale hotelini ninapofua mashuka nimepandishwa cheo. Sasa mimi ndiye supavaiza wa chumba cha pasi! Nimepewa na koti la buluu. Waambie shangazi, hasa yule mkubwa aliyesema sitafika popote.

Mwanao, kitindamimba

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti siku linacheka, siku linanuna. Barua yako nimewasomea shangazi zako mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu. Sasa wananiuliza, supavaiza ndiyo nini? Nikasema ni mkubwa. Mkubwa wa nani? Hapo nikakwama. Hebu nifafanulie: unafukuza watu? Una kiti? Ukiingia wanasimama? Jibu upesi, maana shangazi yako mkubwa anadai ni jina tu la mtu anayetumwa kwa adabu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo, na poleni na mvua. Supavaiza ni msimamizi. Wengine wanafanya kazi, yeye anahakikisha imefanyika. Kufukuza sifukuzi, hiyo ni ya meneja. Kiti kipo, ila sijawahi kukikalia.

Mama, nimekwisha. Walio chini yangu wote ni kina mama wa umri wako. Mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, nitamwambiaje, "Rudia shuka hili, lina makunyanzi"? Ulimi unagoma. Basi napiga pasi mwenyewe, wao wanakalia kiti changu kwa zamu wakinipa pole. Meneja ameniona. Amesema nisipowaamuru hadi mwisho wa mwezi, atanivua koti nirudi kufua. Shangazi watanicheka mpaka nizeeke. Nifanyeje?

Mwanao

14 Aprili

Wewe mtoto,

Marahaba. Nimecheka, halafu nikakasirika. Nilikulea uheshimu wakubwa, sikukulea uwafanyie kazi zao huku wameketi! Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Si yako, usiifungue. Wape hao wenzangu waisome wenyewe.

Na ule vizuri, mwandiko wako umekonda.

Mama yako

28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kwani uliwaandikia nini? Walisoma wakicheka, mmoja akajifuta machozi. Kisha akaninyang'anya pasi. "Kaa chini, mwanetu. Mama yako kasema." Nikakaa! Tangu siku hiyo mashuka yananyooka ajabu, na meneja amenipa mkono mbele ya watu. Koti limebaki.

Lakini sasa nikisema neno, wanauliza, "Mama yako anajua?" Mmoja amepata mjukuu, anaomba ruhusa akamwone. Nimempa, ameikataa. Anataka ya kwako. Wawili wanagombania pasi mpya, nao wanasubiri uamuzi wako. Mama, sasa mimi hapa ni nani?

Mwanao

10 Mei

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, na hongera. Bibi wa mjukuu aende, ila aniandikie mtoto kaitwa nani. Pasi mpya iwe ya zamu, na atakayenuna apewe ile mbovu.

Unauliza wewe ni nani. Ni supavaiza, baba, usitie shaka. Nilipoolewa, shangazi zako hawakunisikia hata kidogo. Nikisema deki, wanaangalia dari. Basi nikawa naingia jikoni nasema, "Mama kasema kudekiwe." Wanadeki mbio! Mwaka mzima niliwaendesha hivyo, na bibi yako, Mungu amrehemu, hakuwa amesema lolote. Alikuja kugundua, akanitazama, akaendelea kunywa chai yake.

Kwa hiyo usimalize stempu kuniuliza kila kitu. Mengine amua mwenyewe, kisha waambie Mama kasema. Wakiniandikia kuuliza, nitawajibu ni kweli.

Mama yako