Mtani Akikupa Pole

Jumatatu, 1 Julai

Chali tena. Mkanda wa hospitali umebana kiuno, jasho limejaa chini yake, kunawasha na siwezi kujikuna. Siruhusiwi kuinama, siruhusiwi kunyanyua kitu, na kuruka ndiyo kabisa nisiwaze. Daktari kasema mfupa wa kiuno umepata ufa. Sikuanguka, sikugongwa. Umechoka tu, kasema. Ule mtindo wangu wa kuruka huku najipinda nyuma, ambao watu wakiuona kwenye ngoma ya sindimba wanapiga vigelegele, ndio uliokuwa unaumega kidogo kidogo.

Mama anauliza mfupa unachokaje.

Miezi yote ile nilisema naumwa. Nikaambiwa nadeka. Nikaambiwa ni uchovu wa ngoma, utaisha. Halafu naambiwa ndoo ile pale, kachote maji. Hakuna hata mmoja aliyeniambia weka chini. Sisahau.

Alhamisi, 4 Julai

Leo kaja Hashimu, mpiga ngoma wetu. Yeye Mmakua wa Masasi, mimi Mmakonde, kwa hiyo mtani wangu, na adabu hana. Kaingia bila hodi, kasimama mlangoni, kaziba pua.

"Maiti hii mnazika lini? Mtaa mzima wa Rahaleo unanuka."

Mama kacheka mpaka kakaa chini. Hashimu kaona ndala zangu, zile za bluu, mpya kabisa. Kazibeba. Maiti havai ndala, kasema. Kaondoka nazo kweli! Nimemtukana mpaka pumzi zikaniishia. Kucheka kunauma kuliko kukohoa.

Ndiye peke yake haniangalii kama yai lililopasuka.

Jumapili, 7 Julai

Wageni. Wanawake wa mtaani, kutwa nzima. Pole, pole, pole. Mmoja kasema ni kijicho cha watu. Mwingine kasema kiuno cha ngoma mwisho wake ndio huu, bora ningeolewa mapema kikapata kazi nyingine. Wote wakacheka. Wakala ming'oko, vile viazi vya porini nilivyochemshiwa mimi, wakaacha maganda kwenye sahani. Nawachukia. Mungu anisamehe, lakini nawachukia.

Jioni kaja mwenyekiti wa kikundi. Safari ya Dodoma kwenye tamasha ni mwisho wa mwezi huu na mimi siendi, hilo nalijua. Lakini kaniapia nafasi ya mbele haitachezwa na mtu. Wataacha pengo pale ninapochezaga, watu walione, waulize nani kakosekana.

Hilo limenitosha. Hata mwaka mzima nitalala chali, mradi pengo langu lipo.

Jumanne, 9 Julai

Tatu kaniogesha. Mtoto wa mama mdogo huyu, tunalala chumba kimoja. Nimemfundisha mwenyewe, tangu hajui hata kufunga kibwebwe. Sasa ananiletea uji, ananifuta mgongo, ananikunja nguo. Mpole kupita kiasi. Zamani tulikuwa tunagombania hata kitana.

Akirudi mazoezini hasemi kitu. Nikimuuliza wamefikia wapi, anasema wanaendelea tu.

Kiwanja hakiko mbali. Nikilala hivi naisikia ngoma yote. Leo Hashimu kapiga ule mlio wa kumwita mchezaji wa mbele. Nikajiuliza anamwita nani. Nikajipa moyo kwamba analiheshimu pengo langu.

Ijumaa, 12 Julai

Mtani kaja na kamba ya katani, kanipima toka kichwani mpaka kisiginoni. Eti kaburi limeshachimbwa ila fupi, itabidi wanikunje, na mimi kukunjwa nimekatazwa na daktari. Ndala zangu kavaa yeye! Visigino vinaning'inia nje. Nimemwambia miguu yake imepasuka kama shamba la muhogo lililokosa mvua. Kasema bora miguu kuliko kiuno.

Siku nzuri. Ya kwanza.

Jumatano, 17 Julai

Hashimu kapiga hodi.

Kapiga hodi mara tatu, akasubiri aitikiwe. Kaingia kofia mkononi. Ndala zangu kaziosha, kaziweka mlangoni, zimepangwa pamoja.

"Pole sana, dada Somoe. Mungu ni mwema."

Dada! Kakaa ukingoni mwa kiti, kauliza kama dawa zinafanya kazi. Nikamtukana, nikamtukana na ukoo wake wote wa Masasi. Katabasamu kama mtu aliyeko msibani asiyejua aweke wapi mikono. Kaaga vizuri. Kaondoka.

Mtani hakupi pole. Mtani akikupa pole, jua kuna jambo limeshaharibika na wewe ndiye wa mwisho kujua. Nimeziangalia zile ndala mpaka magharibi. Ziko safi kuliko siku niliyozinunua.

Tatu aliporudi nikamuuliza nani anacheza mbele. Kalia kabla sijamaliza swali.

Yeye. Tangu wiki ile ile aliyoniapia mwenyekiti; kwanza walikuwa wanamjaribu tu, jana wamempitisha. Na Mama anajua. Mama ndiye kamkatia kibwebwe, kwenye kitambaa changu chekundu, kutoka sanduku langu, na mimi nimelala humu humu ndani. Wamenibembeleza kwa uji.

Jumapili, 21 Julai

Siongei nao. Uji naula kwa sababu dawa hazitaki tumbo tupu. Asante siwapi.

Mama kashindwa kuvumilia leo. Kasimama juu yangu, mikono kiunoni, kiuno chake kizima. "Kwani ulitaka watu wasicheze kwa sababu wewe umelala?"

Ndiyo. Ndivyo nilivyotaka.

Hashimu hajarudi.

Ijumaa, 26 Julai

Wameondoka alfajiri. Tatu kaja kuniaga na begi lake. Nikaamua kumgeuzia mgongo. Sasa kugeuka kwangu mimi ni shughuli: goti kwanza, halafu bega, mwili wote pamoja kama gogo, huku nauma meno. Kasimama pale pale kanisubiri mpaka nikamaliza kumgeuzia mgongo. Ndipo kasema kwaheri dada.

Nimelia nikiwa naangalia ukuta. Kwa hasira. Kwa hasira tu.

Alhamisi, 1 Agosti

Wamerudi. Tatu kaingia kalala mpaka mchana. Mama kaniwekea simu mbele ya uso bila kuniuliza. Video. Tatu yuko mbele na kitambaa changu chekundu. Mtindo wangu ule ule: juu, anajipinda, anashuka, juu tena. Watu wanapiga kelele hata ngoma haisikiki.

Hapa hasomi mtu, kwa hiyo naandika. Kanizidi. Mimi nilikuwa najipinda, yeye anakunjika.

Alasiri nilikuwa uani, maana siku hizi naruhusiwa kutembea kidogo. Hodi. Hashimu tena, kofia mkononi, eti kaja kumwona mgonjwa. Nikamwambia:

"Wee Mmakua! Uliponiita maiti nilikuwa hai. Umeniita dada, ndipo umenizika."

Kaangalia chini. Kaangalia mlangoni. Halafu kainama, kazibeba ndala zangu, kaondoka nazo bila kuaga.

Mama kapiga kelele mwizi huyo. Mimi nimesimama peku, naona raha.

Na Tatu bado sijamsemesha.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekaa barazani asubuhi, mgongo ukutani. Tatu katoka bombani na ndoo. Kafika katikati ya ua, kabadilisha mkono. Ule mkono uliobaki wazi kaupeleka nyuma, kushoto, juu kidogo ya nyonga. Kabonyeza.

Napajua pale. Hata gizani napajua.

Kwanza nilifurahi. Naandika ukweli: nilifurahi, na furaha yenyewe ilikuwa tamu. Nikasema moyoni, haya, na wewe. Kapiga hatua nyingine, kabonyeza tena.

"Tatu. Weka ndoo chini."

Kashtuka, maana ndilo neno langu la kwanza kwake tangu siku ile aliyolia. Kasema si kitu dada, ni uchovu wa safari tu. Maneno yale yale niliyokuwa naambiwa mimi.

"Weka chini, nimekwambia."

Kaiweka. Kaja kukaa karibu yangu, si karibu sana. Jua likapanda.

Ndoo ikabaki pale pale katikati ya ua, imejaa. Mimi siwezi kuinyanyua, na yeye sitaki ainyanyue. Mama katoka jikoni, kauliza ni nani kaacha ndoo njiani.