Nikilala Nitakula

4 Februari

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia. Siku tulipopimana sare mpya kiwandani, mafundi wenzangu walisema yangu itamaliza jora zima la kitambaa. Nilicheka nao. Tangu hapo nashindia chai. Nimepungua, mama, ungeniona! Shida ni kwamba tumbo tupu halijui kulala.

Kitindamimba wako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unasogea. Wewe wa kukosa usingizi? Wewe uliyekuwa ukisinzia na tonge mdomoni, mpaka baba yako anapiga kelele, "Mshikeni huyu asizame kwenye mchuzi!" Waache wacheke. Kula ushibe, usingizi utakuja wenyewe.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Nilinunua vidonge vya usingizi. Nikalala kweli, lakini nikawa naamka nina unga mdomoni, sufuria iko sakafuni, jiko linawaka. Jirani ndiye aliyeniambia: "Dada, unapika huku umelala. Nakuita, wala husikii." Mchana kutwa najinyima, halafu nikilala nabugia hata unga mbichi. Vidonge nimevitupa. Ila sasa naogopa kulala, mama. Nikilala nitakula.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako imenikata maini. Huo ni ugonjwa, si ulafi wala uchawi. Nenda hospitali ukawaambie yote mawili, kula na kulala. Jirani akusindikize. Nami nakuja.

Mama yako

10 Aprili

Mama,

Shikamoo. Tafadhali usije. Sitaki unione hivi. Nilisinzia kwenye cherehani, sindano ikapita kidoleni, msimamizi akanirudisha nyumbani. Hospitali nitaenda, nikishapungua kidogo tena.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Nimekuja hivyo hivyo. Jirani alikukuta umeanguka mlangoni, akakuleta hapa wodini. Nilipita kitanda chako mara mbili nisikujue, mimi niliyekuzaa. Daktari anasema moyo wako umechoka, na hajaniahidi kitu. Wageni tunatolewa nje, kwa hiyo barua hii namwachia muuguzi.

Umelala fofofo, hata nikikugusa hugutuki. Wamekupitishia mpira puani, wanakulisha. Waliniuliza kwanza. Ukiamka, mama, usiwanunie wao. Mimi ndiye niliyesema wakulishe.

Mama yako